Mzee Hali

Kaka yangu aliingia nyumbani amevaa uso wa msibani, akamkuta marehemu anatafuna paja la kuku.

Ndivyo anavyosimulia yeye mwenyewe hadi leo, na kila akisimulia huongeza chumvi, paja likanenepa kidogo. Lakini mimi nilikuwepo. Nilikuwa nyuma ya cherehani, sindano imezama kwenye mkanda wa suruali ya shule, nikaona kila kitu. Lori lake halikuweza kuingia mtaani kwetu, kwa hiyo alikuwa ameliacha barabarani, taa zinamwekamweka, akaja mbio kwa miguu, mtu mzima mwenye kitambi cha kukaa kwenye usukani. Alisimama mlangoni akihema. Baba alikuwa mezani, leso ameichomeka shingoni, sahani mbele yake. Wakatazamana. Baba alimaliza kwanza kutafuna, maana ndiye aliyetufundisha kutozungumza na chakula mdomoni.

"Shikamoo, Baba," Kaka akasema.

"Marahaba." Kisha, baada ya kufuta vidole kimoja kimoja: "Umekonda au umenenepa? Sioni vizuri ukiniziba mwanga hivyo."

Hayo yalikuwa maneno ya kwanza Baba kumwambia mwanawe tangu siku aliyomfukuza.

Sasa lazima nirudi nyuma, maana bila Mzee hamtaelewa kitu, na Mzee alikuwa chura.

Baba alikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari. Si mwalimu, na hakupenda kuitwa mwalimu. Kazi yake ilikuwa kuosha mirija ya kioo, kupima dawa, kufunga kabati, na kuandika lebo. Lebo ndizo zilizokuwa fahari yake. Aliandika kwa herufi zilizosimama wima kama askari wa gwaride, na alikuwa na imani moja ambayo aliturithisha tangu tunanyonya: chupa yenye jina lisilo lake ni hatari kuliko chupa yenye sumu. Hata jikoni kwetu kila kitu kilikuwa na jina. Sukari iliandikwa SUKARI. Chumvi iliandikwa CHUMVI, na chini yake, kwa herufi ndogo, "si sukari," kwa sababu ya kosa moja alilolifanya Mama siku za mwanzo za ndoa yao. Mama alitangulia mbele ya haki nikiwa bado mdogo, lakini kopo lile bado tunalo.

Kila mwaka shule ilinunua vyura wa majini kwa ajili ya wanafunzi kuwapasua na kutazama moyo unavyopiga. Mwaka mmoja, yule mkubwa kuliko wote aliruka kutoka kwenye beseni, akapotea. Kesho yake Baba alimkuta nyuma ya kabati, amejaa vumbi, hai. Somo lilikuwa limekwisha. Baba hakuwa mtu wa huruma za hadharani, ila jioni ile alirudi na jagi mkononi, mdomo wa jagi ameufunga kwa kitambaa, akaliweka mezani bila maelezo.

Kaka alikuwa bado na pengo la meno ya mbele. Aliinama akatazama. Chura alikuwa ametulia majini, uso bapa, macho juu ya kichwa, mdomo umepinda kwa chini kama wa mtu aliyeletewa chai baridi. Mikono yake midogo ilikuwa imenyooshwa mbele, inapapasa.

"Anafanana na mzee anayetafuta miwani yake," Kaka akasema. "Ni Mzee huyu."

Basi jina likaganda. Baba alifungua kinywa kusema jambo, akakifunga. Miaka mingi baadaye ndipo aliponiambia kwamba tangu dakika ile ya kwanza alijua, kwa ukubwa wa kiwiliwili na kwa kinyama kidogo kilichochomoza nyuma, kwamba Mzee alikuwa jike. Ni mara moja tu ninayoijua baba yangu kuiacha lebo yenye makosa ikae mahali pake.

Mzee hakuwa na ulimi. Hakuwa na sauti ya kusumbua mtu. Miguu yake ya nyuma ilikuwa na kucha tatu nyeusi kila mmoja, na ubavuni, toka begani hadi kiunoni, alikuwa na mstari wa alama nyeupe fupifupi. Nilipoanza kujifunza ushonaji nilizitambua mara moja. Ilikuwa mishono ya mkono, ile ya kushikiza pindo kabla ya kupitisha cherehani. Baba alisema ndiyo masikio yake, kwamba kwa mishono ile chura husikia maji yanavyotikisika, hata nyungunyungu akijinyonga upande wa pili wa tangi la kioo tulilomwekea. Mimi niliona tu kwamba aliyemshona alikuwa na mkono mzuri.

Kumtunza kulikuwa na sheria zake. Maji ya bomba yakae kwenye ndoo tangu leo hadi kesho, dawa yake iishe, ndipo yaingie tangini. Mikono ioshwe bila sabuni. Mfuniko uwekewe tofali juu, kwa maana aliyetoroka mara moja hazuiliki kwa adabu. Chakula ni nyungunyungu, au ini lililokatwa vipande vyembamba kama uzi mnene. Kaka alikuwa akigonga kioo kwa ukucha, tak-tak, kisha anashusha kipande kwa vidole, na Mzee alikivamia kwa mikono yote miwili, anajisukumia kinywani kama mtu aliyeitwa safari huku sahani bado imejaa. Tulicheka kila siku, kana kwamba hatujawahi kuona.

Kaka alipomaliza shule, Baba alimtafutia nafasi palepale maabara. Alimwomba mkuu wa shule, jambo ambalo kwa mtu kama Baba ni sawa na kung'olewa jino. Koti jeupe lilishonwa. Nilishona mimi, likiwa ndilo koti langu la kwanza. Siku ya kuanza kazi Baba alimsubiri kwenye lango la shule. Akasubiri. Kaka alikuwa tayari yuko barabara kuu, utingo kwenye lori la saruji, ana furaha ya ndege aliyefunguliwa. Aliporudi, wiki moja baadaye, Baba hakupiga kelele. Alizungumza polepole, na kwa Baba upole ule ndio uliokuwa mbaya.

"Nenda. Na usirudi hapa mpaka nikuite."

Kaka alikuwa kichwa ngumu. Hakukiokota barabarani kichwa kile, alikirithi humu humu ndani. Akaenda. Akawa dereva, akaendesha malori makubwa zaidi na zaidi, na akawa anasubiri kuitwa. Baba naye, ambaye angekufa kabla ya kuita, akawa anasubiri mwana aje bila kuitwa. Mimi kitinda mimba nikabaki katikati na simu yangu. Niliandika, "Mzima?" akajibu, "Mzima. Huko?" nikajibu, "Wazima." Hivyo ndivyo tulivyozungumza miaka yote. Hakuuliza habari za chura hata siku moja, na nikajua baadaye kwamba alidhani amekufa zamani. Nani anategemea chura aishi kuliko mbwa wawili wa jirani?

Lakini Mzee aliishi, na Baba ndiye aliyemtunza. Baada ya chakula chake mwenyewe alikata ini, akagonga kioo, akalisha. Mtaani, kwa kuwa amestaafu na nywele zimeingia mvi, watu walianza kumwita Baba naye Mzee. Ndani ya nyumba hatukuchanganya. Baba ni Baba, na Mzee ni yule wa tangini. Mtu akija mlangoni akauliza, "Mzee yupo?" nilijibu, "Yupi, wa nchi kavu au wa majini?" nikacheka peke yangu.

Na Baba alikuwa na namna yake. Jina la Kaka hakulitaja. Neno "mwanangu" hakulitumia. Alisema tu, huku akishusha kipande cha ini, "Mwenye chura akija, asikute amekonda."

Mwenye chura. Kwa miaka yote ile, ndilo jina la kaka yangu.

Kisha Mzee akaacha kula.

Ilianza kidogo kidogo. Aligongewa kioo, akanyoosha mikono, akarudisha. Kipande kikashuka hadi chini, kikalala kwenye changarawe. Kesho yake vilevile. Baba alipunguza maji ili asihangaike kupanda juu kuvuta hewa. Alikatakata nyungunyungu ili harufu itoke. Alijaribu dagaa wabichi, alijaribu ini la kuku badala ya la ng'ombe, alijaribu kumzimia taa. Mzee alikaa pembeni kabisa ya tangi, amebana kioo, macho yameanza ukungu, ngozi inamlegea mapajani kama suruali ya mtu aliyeugua. Baba alimtazama muda mrefu, mikono yake ikitetemeka juu ya meza. Mikono ile ilianza kutetemeka mwaka huohuo. Daktari alisema ni umri, akampa dawa, Baba akaiandikia lebo na kuisahau kabatini.

"Amezeeka, Baba," nilimwambia. "Ameishi sana."

"Najua miaka yake," akasema.

Nami niliogopa, na nitasema wazi nilichokiogopa. Sikulia kwa ajili ya chura. Niliogopa ile siku ambayo chura angekufa, kisha Baba akabaki hana njia ya kumtaja mwanawe. Hapatakuwa na mwenye chura. Patakuwa na kimya tu, na watu wawili vichwa ngumu wanaosubiriana mpaka mmoja wao azikwe.

Asubuhi moja Baba alisogeza sahani yake, akasema, "Mwandikie mwenye chura."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikachukua simu haraka kabla hajabadili nia. "Niandike nini?"

"Andika: Mzee hali."

"Niandike 'chura hali', Baba?"

"Ana jina lake. Andika jina."

Nikaandika: Mzee hali. Nikatuma. Jibu lilikuja kabla sijaiweka simu mezani: "Hali gani?"

Nilimsomea. Baba alifikiri kidogo, kama anayepima dawa. "Mwambie hali kabisa."

Nikaandika: Hali kabisa. Kisha nikatoka kwenda kuchukua vifungo dukani, nikaiacha simu. Niliporudi niliikuta imewaka mezani, mbele ya Baba, na Baba anasoma gazeti.

"Simu imelia," akasema. "Mwenye chura huyo."

"Mbona hukupokea?"

"Hakunipigia mimi."

Nilimpigia Kaka mara tatu. Hapatikani. Tayari alikuwa kwenye milima ambayo mtandao hauvuki, anageuza lori.

Kwa hiyo siku ya pili, saa ya chakula cha mchana, ndipo alipotokea mlangoni na uso ule. Baada ya salamu alibaki amesimama. "Nimeambiwa Mzee hali," akasema. Aliitamka polepole, akiangalia sahani.

"Hali," Baba akakubali. Akaelekeza kwa mfupa wa kuku. "Nenda kamwone."

Kaka aligeuka. Mwisho wa meza yetu ndefu, kwenye kioo, mikono miwili midogo ilikuwa inapapasa kitu kisichoonekana. Niliona uso wake ukibadilika, kwanza kutoelewa, kisha kuelewa.

"Huyu yuko hai?"

Akaanza kucheka. Alicheka hadi akakalia rundo la sare nilizokwisha kuzipiga pasi, na sikumkaripia, kwa sababu kicheko kilikuwa kimekwisha kugeuka kitu kingine. Alifunika uso kwa viganja vile vyeusi vya grisi. "Nimelia njia nzima, Baba," akasema kutoka ndani ya viganja. "Nimeacha mzigo wa watu yadi ya rafiki. Nimelia kwenye usukani kama mtoto. Kwa ajili ya chura!"

"Si chura wako?" Baba akasema.

Sikuwahi kumpenda baba yangu na kutaka kumpiga kwa wakati mmoja kama siku ile.

Kaka aliosha mikono. Bila sabuni, hakuwa amesahau. Akaja, akaegemeza kiganja mezani kando ya tangi, akainama kama alivyoinama akiwa na pengo. Mimi, kwa kuwa sikujua la kufanya na machozi yangu, nilirudi kwenye mkanda wa suruali, nikakanyaga kanyagio. Mota ikanguruma.

"Sindano," Kaka akasema. Ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Zima hiyo."

Nikazima.

"Washa."

Nikawasha. Kiganja chake kilikuwa bado juu ya meza, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikiliza injini.

"Zima. Tangi limekuwa hapa tangu lini?"

Nikamweleza. Ukuta wa sebule ulikuwa umeanza kuvuja, tukalihamishia tangi kwenye chumba changu cha kazi, kwenye meza yangu, na Baba akahamisha na sahani yake ili ale karibu na Mzee. Na cherehani hii ya mota niliinunua siku zilezile, ile ya miguu ikaenda stoo, kwa sababu sare za shule zilikuwa zimenizidi.

"Meza yote inatetemeka," Kaka akasema. "Mnamkumbuka huyu na mishono yake? Kutwa nzima anasikia mtu anagonga mlango na haingii. Huyu hali kwa sababu halali."

Baba aliacha leso. Akanyoosha mkono wake, akauweka gorofa juu ya mbao. Nikawasha tena bila kuambiwa. Mkono ukatetemeka, na nikazima, na mkono ukatetemeka bado, ila si kama mwanzo. Aliutazama kwa muda.

"Kumbe inatetemeka," akasema. "Nilidhani ni mimi tu."

Kaka aliuweka mkono wake mzito juu ya ule wa Baba, akaubana kwenye meza, wakakaa hivyo. Nilijifanya natafuta uzi.

Mchana huo tulilihamisha tangi chumbani kwa Baba, juu ya matofali, karibu na kichwa cha kitanda. Kaka alibeba ndoo za maji, Baba akaelekeza, na walibishana kuhusu kila tofali kana kwamba hawajawahi kuachana. Wakiwa wamemaliza, Kaka akasema, akikunja mikono ya shati, "Ulisema nisirudi mpaka uniite."

"Nilisema."

"Basi nimerudi bila kuitwa."

Baba alinyoosha mfuniko, akaweka tofali juu yake. "Kama ndivyo unavyoona," akasema.

Mzee hakula siku hiyo. Kesho yake asubuhi, nyumba imetulia na mimi nimekatazwa kugusa cherehani, Kaka alishusha kipande cha ini. Tak-tak. Mikono ilinyooka. Ikapapasa kushoto, ikapapasa kulia, kisha kwa ghafla ile ya zamani ikakivamia kipande na kukisukumia kinywani, na mkia wa ini ukabaki unaning'inia kwenye pembe ya mdomo. Baba alicheka kwa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba kicheko chake kina mluzi ndani yake.

Sitasema Mzee alirudia ujana. Alikula kidogo, tena kwa kuchagua, leo ndiyo, kesho hapana, na macho yake hayakutakata. Ila alikula. Kaka naye, kila mzigo ulipompitisha upande wetu, aliacha lori barabarani akaja na kopo la nyungunyungu aliowachimba mwenyewe kwenye vituo vya njiani, na madereva wenzake, aliniambia, walidhani ni mvuvi. Alilala kwenye mkeka chumbani kwa Baba. Asubuhi niliwasikia wakizungumza, sauti mbili za chini, zimefanana hadi nikashindwa kujua ni nani anayeuliza na nani anayejibu. Cherehani ya miguu niliitoa stoo kwa ajili ya siku hizo. Ilinichosha vifundo, na niliimba nikikanyaga.

Mzee alikufa katika msimu wa baridi uliofuata, kwa utulivu, amejitandaza kwenye changarawe ya tangi kama anayepumzika. Baba ndiye aliyemkuta. Nilimkatia kipande cha kitambaa cheupe, kilichobaki cha lile koti la zamani ambalo halikuvaliwa, nikakishona pindo kwa mkono, mishono fupifupi, kadiri nilivyoweza kufananisha na yake. Tulimzika nyuma ya nyumba, chini ya bomba, mahali penye unyevu. Baba alichomeka kijiti na lebo. Herufi zilitetemeka kidogo, lakini zilisimama wima: MZEE.

Baba alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavuta pumzi. Hakuwa na furaha, lakini hakuwa amevunjika. Nilikuwa nimemchunguza kwa hofu tangu asubuhi, na sasa hofu ikaniacha.

"Mwandikie kaka yako," akasema.

Kaka yako. Nilichukua simu kabla machozi hayajanizuia kuona herufi, nikaanza: Mzee amekufa. Nikahisi kivuli juu ya bega langu. Baba alikuwa ameinama kusoma, miwani imemshuka hadi ncha ya pua, na kidole chake kilichotetemeka kikagusa neno la kwanza.

"Safari hii," akasema, "andika chura."